Kuwapeleka Wanafunzi Kwenye Makumbusho ya Majimaji

Mwalimu afundishaye Vita vya Majimaji (1905–1907) mjini Songea anayo bahati: makumbusho yaliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1980 yamo mjini humu.

Aghalabu walimu huanzia kwenye sanamu za manduna. Watoto huzifurahia, hunakili majina, kisha hurudi darasani na orodha tupu. Afadhali waanzie makaburini. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa 67, akiwemo mwanamke, Mkomanile. Karibu na kaburi la halaiki lipo la Nduna Songea Mbano, peke yake. Yaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Waache watazame kwanza, ndipo uwaulize: kwa nini makaburi mawili?

Sanamu haziwezi kuonyesha njaa. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Hilo sharti mwalimu alisimulie mwenyewe, ikiwezekana kando ya shamba la mahindi.

Hakosi mwanafunzi wa kucheka kwamba watu waliamini maji yangezuia risasi. Asikemewe. Aulizwe ni kitu gani kingine kingaliwaunganisha Wamatumbi, Wangindo na Wangoni, ambao hawakuwa na mtawala mmoja.

Tena, katika darasa moja huweza kuwamo kitukuu wa aliyenyongwa na kitukuu wa askari aliyewatumikia Wajerumani. Kwa hiyo zoezi la kuwahoji wazee nyumbani liwe la hiari, na majibu yasisomwe mbele ya darasa bila ridhaa ya mtoto.