Firigisi na Utawala: Kichekesho cha Mufwankolo

Firigisi ya kuku, kipande anachotengewa mkubwa, haigawanywi. Desturi hiyo inahusishwa na msemo uliosikika Lubumbashi kwamba utawala huliwa mzima. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwauliza maana yake waigizaji wa Kundi la Mufwankolo. Badala ya kumfafanulia, walitunga mchezo kuhusu chifu na raia wake, ukarekodiwa kwa ajili ya televisheni. Hawakuandika matini: walikubaliana juu ya mtiririko wa visa, kisha mazungumzo yakazaliwa mazoezini, kwa Kiswahili cha Shaba kilichochanganyika na Kifaransa. Hivyo mtazamaji alisikia usemi wa mtaani kwake. Katika enzi ya Mobutu, kicheko kilibeba swali zito: mamlaka yagawanywe, au yamezwe na mmoja?