Burkina Faso: Shule iliyojengwa kwa kumfikiria mtoto anayekaa ndani

Aliyesomea chini ya mabati kule Uvira ao Kalemie anaijua saa sita ya mchana: jasho linatiririka, mwalimu anaandika ubaoni, hakuna anayemfuata. Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando nchini Burkina Faso, alisoma katika darasa la namna hiyo, lenye joto na lililojaa watoto. Alipokwenda Berlin kujifunza usanifu wa majengo hakulisahau.

Shule ya msingi aliyoichorea Gando ilimalizika mwaka wa 2001. Kuta ni za matofali ya udongo wa pale pale, uliochanganywa na saruji kidogo. Mabati ni kama haya tunayonunua huku. Kilichobadilika ni mahali yalipowekwa. Yameinuliwa juu ya vyuma, mbali na dari ya matofali yenye matundu. Hewa ya moto inapanda na kutoka, nyingine inaingia madirishani, bila umeme. Paa limetokeza sana ili mvua isilowanishe kuta.

Wanakijiji ndio waliojenga. Mwaka wa 2004 kazi hiyo ilipata tuzo ya Aga Khan, lakini habari kubwa zaidi ni kwamba wanafunzi waliongezeka hadi jengo jingine likahitajika.