Kiraka Hakitaki Haraka

Solusheni, gundi ambayo fundi baiskeli huitumia kuziba pancha, ni mpira ulioyeyushwa katika kimiminika cha jamii ya petroli. Kimiminika hicho kikishapaa hewani, juu ya tyubu hubaki utando mwembamba wa mpira, na huo ndio unaokishika kiraka. Kikibandikwa gundi ingali mbichi, kimiminika hunaswa chini yake, na haichukui muda baiskeli inarudi kwa fundi.

Mjini Songea, katika kata ya Majengo kama kwingineko nchini Tanzania, kazi hii haihitaji zaidi ya kibaraza, beseni la maji, pampu, msasa, mkasi na vipande vya tyubu kuukuu. Mzigo ndio mtihani wake. Ruvuma, ambako Songea ipo, ni mkoa wa mahindi, na gunia likishapanda kwenye keria ya baiskeli ya Phoenix, kiraka kilicholegea hakifiki mbali.

Kabla ya gundi, fundi mzuri husoma tundu. Tundu moja upande wa nje ni la mwiba au msumari. Matundu mawili yaliyokaa sambamba yanaonyesha kwamba tairi lilikuwa na upepo kidogo, tyubu ikabanwa kati ya ringi na jiwe. Tundu la upande unaolalia ringi linashtaki spoki iliyochomoza. Kuziba na kuuacha mwiba ndani ya tairi ni kumwibia mteja, hata kama hakuna aliyekusudia wizi.

Msasa hufuata. Huondoa uchafu na ngozi laini ya tyubu, pamoja na ule mstari ulioinuka ambao usiposawazishwa hupitisha upepo chini ya kiraka. Baada ya hapo pasiguswe kwa kidole, maana jasho na mafuta huifukuza gundi. Solusheni hupakwa nyembamba, kwa upana unaozidi kiraka, kisha huachwa dakika kama tano mpaka ing'ae kidogo bila unyevu. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai ni za baridi. Hapo dakika tano hazitoshi. Kiraka kikishawekwa, hukandamizwa kwa nguvu kutoka katikati kwenda pembeni.

Kiraka cha dukani kina tabaka la chini lenye kemikali zinazoungana na solusheni na kuufunga mpira kwa mpira, kwa njia iliyo jamaa na ile aliyoigundua Mmarekani Charles Goodyear mwaka 1839 alipopika mpira kwa salfa. Kipande cha tyubu kuukuu hakina kemikali hizo. Ni rahisi, na kikisuguliwa vizuri hufaa, lakini hakilingani na cha dukani.

Kuna baiskeli ambazo gundi hushika tairi zima. Tairi la mashindano la aina hiyo hushonwa kuizunguka tyubu yake, kisha hubandikwa juu ya ringi isiyo na kingo. Ringi husafishwa, gundi hupakwa tabaka jembamba juu ya tabaka, kila moja likiachwa likauke, na tairi nalo hupakwa. Kazi huanzia kwenye valvu, tairi likivutwa kwa mikono miwili hadi upande wa pili, kisha huachwa usiku kucha kabla ya kupandwa. Ubora wake ni wepesi, na likipata pancha halichomoki upesi. Hatari yake ni joto la breki kwenye mteremko, ambalo hulainisha gundi. Mwaka 2003, kwenye mashindano ya Tour de France, Mhispania Joseba Beloki alianguka vibaya akishuka kuelekea mji wa Gap, baada ya tairi lake la nyuma kuchomoka kwenye ringi.

Majengo hakuna haja ya tairi kama hilo, ila kanuni ya gundi ni ileile. Mteja mwenye haraka afadhali anunue tyubu nyingine, ile yenye pancha aiache kwa fundi aizibe kwa nafasi.