Bingwa mmoja, mbao ishirini

Katika mchezo wa sambamba, bingwa mmoja wa sataranji hupambana na wapinzani wengi kwa wakati mmoja. Meza hupangwa kuzunguka ukumbi, naye huhama kutoka ubao hadi ubao, kwa desturi akiwa na kete nyeupe kote. Mpinzani hucheza pale bingwa anapofika mbele yake. Mwaka 1922, mjini Cleveland, Marekani, José Raúl Capablanca wa Cuba alicheza michezo 103, akashinda 102 na kutoka sare mmoja. Rekodi za namna hiyo zinapendeza, ila hazifundishi mengi, maana wapinzani wengi huwa wachezaji wa kawaida tu.

Wakikaa wachezaji hodari, suala la kwanza ni muda. Tuseme bingwa anapita mji wa Likasi na kukuta wachezaji 20, akitumia sekunde 10 kwa kila ubao. Mzunguko mzima ni sekunde 200, hivyo kila mpinzani anapata zaidi ya dakika 3 za kufikiri. Lakini wanyonge wakishindwa na kuondoka, mzunguko hufupika: wakibaki 5, bingwa anarudi kabla dakika haijaisha. Waliodumu hadi hapo ndio hodari zaidi, nao hubanwa wakati kete zimebaki chache na kosa moja halisameheki. Kwa sababu hiyo, dhidi ya timu kali, kila ubao huwekewa saa yake.

Bingwa anawezaje kuamua kwa sekunde 10? Mwaka 1973 watafiti William Chase na Herbert Simon waliwaonyesha wachezaji ubao kwa sekunde 5, kisha wakawataka waupange upya kwa kumbukumbu. Kete zikiwa zimetoka katika mchezo halisi, bingwa aliwaacha wengine mbali; zikitawanywa ovyo, ubora wake ulikaribia kutoweka. Anachokumbuka ni mafungu ya kete yenye maana, na fungu likishatambuliwa, hatua inayofaa hujileta.

Sataranji yenyewe inamsaidia: akirudi mezani, kwa kawaida anakuta kete moja tu ya mpinzani imesogea. Katika bao la Waswahili, zamu moja huweza kubadilisha mashimo mengi kwa mpigo. Mchezo wa sambamba wa bao ungekuwa shughuli pevu.

Ushahidi mzito zaidi wa nguvu ya utambuzi huo unatokana na bingwa Garry Kasparov. Mwaka 1985 alikabili timu ya wachezaji 8 ya Hamburg, Ujerumani, akashindwa kwa 3.5 dhidi ya 4.5; mwaka 1987 alirudi akawalaza 7 kwa 1. Mwaka 1996 mtafiti Fernand Gobet na Simon walichambua mapambano yake ya sambamba dhidi ya timu kali, wakaona kiwango chake, kwa pointi zinazopima uwezo wa wachezaji, kilishuka kwa takriban 100 tu. Kwao, hiyo ilionyesha kwamba utambuzi ndio unaobeba kazi kubwa, si kupiga hesabu za mbele.

Hiyo “tu” ina utata. Mchezaji anayemzidi mpinzani kwa pointi 100 hutarajiwa kupata asilimia 64 ya alama kati yao, pengo ambalo mchezaji yeyote wa mashindano angelilipia kwa furaha. Tena, mwaka 2003 watafiti Christopher Chabris na Eliot Hearst walilinganisha michezo ya mabingwa ya kasi na ile ya muda mrefu: kwenye kasi makosa yaliongezeka, nayo yalikuwa makubwa zaidi, ishara kwamba kupiga hesabu za mbele nako kuna uzito.