Jaji Mohamed Ibrahim hakuwa "jaji wa Waislamu"

Mapema mwaka huu nilikuwa Kitale kwa harusi ya mpwa wangu, kisha tukalala siku mbili Bungoma kwa wakwe. Huko kote nilipewa pole. "Nyinyi watu wa pwani mmefiwa na jaji wenu," aliniambia mzee mmoja baada ya swala. Alimkusudia Jaji Mohamed Khadhar Ibrahim wa Mahakama ya Juu, aliyefariki tarehe 17 Disemba 2025 akiwa na miaka 69. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Pole niliipokea, lakini marehemu hakuwa mtu wa pwani. Alikuwa Mkenya Msomali, na jaji huyu alikaa karibu zaidi na huyo mzee kuliko na sisi, kwani kabla ya kuletwa Mombasa alihudumu Mahakama Kuu ya Eldoret, na Eldoret kwa Kitale ni mwendo wa kilomita kama 70 tu. Nikaona watu wengi, hata hapa kwetu, wanalijua jina na dini yake lakini kazi yake hawaijui.

Aliandikishwa uwakili mwaka 1983, Msomali wa kwanza nchini kufika hapo. Msomaji kijana huenda asione ukubwa wa jambo hilo. Mwaka 1989 serikali iliwapiga msasa Wakenya Wasomali peke yao na kuwapa kadi ya kuthibitisha kuwa ni Wakenya. Mtu wa kabila hilo kusimama mahakamani kuwatetea wengine halikuwa jambo dogo. Julai 1990, katika vuguvugu la Saba Saba, alikamatwa na kuwekwa kizuizini pamoja na mawakili wenzake Gitobu Imanyara na John Khaminwa. Mwaka 2003 akateuliwa jaji wa Mahakama Kuu.

Hukumu ninayotaka wasomaji waijue ni aliyoitoa hapa Mombasa tarehe 9 Novemba 2010. Washukiwa tisa wa uharamia walikamatwa na wanamaji wa Ujerumani mwaka 2009 huko baharini, mbali na maji ya Kenya, wakaletwa kushtakiwa kwetu. Wakati huo Shimo la Tewa lilikuwa limejaa washukiwa wa namna hiyo, na mataifa makubwa yalikuwa yametuamini na kazi hiyo. Jaji Ibrahim akasema mahakama za Kenya hazina mamlaka juu ya kosa lililotendwa nje ya maji yake, na isitoshe kifungu walichoshtakiwa nacho kilikuwa kimeshafutwa na sheria mpya ya meli ya 2009. Kwa hivyo waachiliwe.

Maneno yalikuwa mengi. Wapo walionong'ona kwamba Msomali amewapendelea Wasomali. Mimi si mwanasheria, nina diploma ya uandishi wa habari tu, lakini hukumu inasomeka, na hoja yake yote ni ya vifungu. Kama ingekuwa mapendeleo, yangeonekana pale ambapo sheria inasema hivi naye anaamua vile. Hilo sikuliona. Oktoba 2012 Mahakama ya Rufaa iliitengua, ikisema uharamia ni kosa ambalo taifa lolote linaweza kulihukumu popote lilipotendwa. Kwa maoni yangu majaji wa rufaa walikuwa na hoja nzito zaidi. Lakini jaji kutenguliwa si aibu, ngazi ya rufaa imewekwa kwa ajili hiyo.

Lililokuwa zito kwake ni jingine. Mwaka 2012, akiwa tayari Mahakama ya Juu tangu 2011, bodi ya kuwapiga msasa majaji ilimwona hafai kwa sababu ya hukumu alizozichelewesha alipokuwa Mahakama Kuu. Aliomba uamuzi uangaliwe upya, akasafishwa, akabaki kazini. Silifichi hili kwa kuwa ni marehemu. Mwenye kesi ya shamba anayesubiri hukumu miaka hapandi wala hauzi, na Trans Nzoia wanaijua hali hiyo kama tunavyoijua Kilifi.

Kijana mmoja Bungoma aliniuliza, jaji wa Mahakama ya Juu hufanya nini hasa? Nikamrudisha kwenye kesi yao. Mwaka 2013 Mahakama Kuu pale pale Bungoma ilibatilisha ushindi wa Seneta Moses Wetang'ula baada ya Musikari Kombo kulalamika. Rufaa ikapanda hadi Mahakama ya Juu, nayo ikaikataa mwaka 2015. Baada ya hapo hakuna pa kwenda. Mahakama hiyo ina majaji saba, na kesi haisikizwi wakipungua watano. Hupokea rufaa za tafsiri ya Katiba na zenye uzito kwa umma, na kesi ya urais huanza na kumalizika hapo hapo. Marehemu alikuwemo mwaka 2013 na 2022. Ile ya 2017 iliyofuta uchaguzi, maradhi yalimtoa, wakaamua sita.

Katika kesi ya BBI, Machi 2022, wenzake sita walisema Katiba yetu haina msingi usioweza kuguswa na marekebisho ya kawaida. Yeye peke yake akasema unao. Maoni ya mmoja kati ya saba hayamfungi mtu leo, lakini yamo ndani ya hukumu, na wakili yeyote akitaka kuyarudia siku za mbele atayakuta hapo.