"Langu" si lazima liwe mali yangu

Katika kituo cha magari cha Garsen, barabara za Malindi, Lamu na Garissa zinapokutana, si ajabu kumsikia abiria akilalamika, "Basi langu limeniacha!" Hakuna anayedhani kwamba ndiye aliyelinunua. Sisi wanasarufi tumeyaita maneno -angu, -ako na -ake vimilikishi, na jina hilo hupotosha kidogo. Kazi yake ni kuonyesha uhusiano. Umiliki ni uhusiano mmoja tu. Mwalimu wangu, kijiji changu, safari yangu: vyote hivyo similiki hata kimoja.

Kuna pia "kuwa na". Kiingereza kina kitenzi "have", nacho Kiswahili husema tu kwamba mtu yuko pamoja na kitu. "Nina ng'ombe ishirini" yaweza kuwa kauli ya mwenye ng'ombe au ya mchungaji aliyekabidhiwa. Sheria huwatenganisha wawili hao. Ndiyo maana mtu hushtakiwa kwa kupatikana na bangi, wala hakusaidii kusema ati ni ya rafiki yako. Linaloulizwa ni kama ulijua ipo na ulikuwa umeidhibiti.

Hebu sasa tutoke mahakamani twende ukingoni mwa Mto Tana. Mkulima wa Kipokomo husema "shamba letu". Mfugaji wa Kiorma naye husema "malka yetu", yaani njia ya kuwafikisha mifugo majini, na njia hiyo hupita katikati ya mashamba. Kisarufi, wote wawili wasema kweli: mmoja anataja kulima, mwingine anataja kupita na kunywesha. Lakini kila "-etu" ikisikika kama dai la kumiliki, basi lazima mmoja aonekane mwizi.

Mwaka 2012 na mapema 2013, mapigano katika delta ya Tana yaliua zaidi ya watu 100. Sisemi yaliletwa na vimilikishi. Kulikuwa na ugomvi wa maji, malisho, ardhi na siasa. Nasema tu kwamba wazee wakikutana kusuluhisha, "yetu" isiyofafanuliwa huwaachia vijana ugomvi ule ule.

Sheria yenyewe imechagua vitenzi vyake kwa makini. Kifungu cha 63 cha Katiba ya 2010 kinasema ardhi ya jamii ni ya jamii, na ile ambayo haijasajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba yao. Kushikilia si kumiliki. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 nayo inaziwezesha jamii kusajili ardhi yao, na inatambua desturi za wafugaji kuhusu malisho. Haki ya kulisha, basi, yaweza kuandikwa bila kumfanya mfugaji kuwa mwenye shamba.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nami naongeza: daftari lenye "yetu" tupu halitoshi. Andikeni nani anamiliki, nani analima, nani amekodi, nani anapitisha mifugo na msimu gani. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kwa yote hayo. Mtu akikwambia "hii ni yangu", usimkatalie upesi. Muulize kwanza: yako kwa lipi?