Mwanafunzi wa nchi iliyo vitani afundishwe nini?

Kila matokeo ya Kidato cha Nne yanapotoka, barazani Ukunda na Msambweni hurudi rai ileile: vijana wapelekwe kambini miezi michache kabla ya kuingia chuoni, wapate adabu. Rai hiyo si mpya. Ilishajaribiwa hapa Kenya na kwa jirani zetu, na kabla ya kuiunga mkono ni vyema tujue ilileta nini.

Kenya ilianza mwaka 1984. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, ambalo baadhi ya wanafunzi wa Nairobi waliliunga mkono, serikali iliamua kuwa kila aliyepata nafasi ya chuo kikuu apitie kwanza Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) kwa miezi mitatu. Vijana walikusanywa Gilgil, wakapiga gwaride na kufanya kazi za mikono. Nchi haikuwa vitani wakati huo. Lengo lilikuwa kumtiisha msomi, na baada ya miaka kadhaa mpango ukaachwa.

Ukivuka Lunga Lunga, ndugu zetu wa Tanga watakusimulia JKT, iliyoanzishwa mwaka 1963. Ilipokuwa lazima kwa wasomi, wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana Oktoba 1966 kupinga masharti yake, yakiwamo kukatwa mshahara, na Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400. Lakini Idi Amin alipovamia Kagera mwaka 1978, vijana wa JKT na mgambo waliongeza nguvu ya jeshi. Ulazima huo ulisitishwa mwaka 1994, ukarudi 2013.

Sasa tujitazame sisi. Oktoba 2011 majeshi yetu yaliingia Somalia. Vita hivyo vilipigiwa hesabu ya vifaru na ndege, wala hakuna aliyefikiria mabweni. Alfajiri ya Aprili 2, 2015, Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi.

Kisha hofu yenyewe ikaanza kuua. Siku kumi baadaye, katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mtambo wa umeme ulilipuka kabla ya mapambazuko. Wanafunzi walidhani wamevamiwa, wakaruka madirishani. Mmoja alifariki na zaidi ya mia wakaumia. Novemba mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Strathmore kilifanya zoezi la usalama kwa milio ya risasi. Wengi walidhani ni kweli, na mfanyakazi mmoja akapoteza maisha.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wa barazani. Gwaride la Gilgil lisingemwokoa mtu Kikuyu. Anachohitaji kijana wa KMTC Msambweni au wa kampasi ya TUM Kwale ni kujua mlango wa dharura uko wapi na kama hufunguliwa usiku, akimbie lini na ajifiche lini, amzuieje mwenzake damu isimwishe, na ampigie nani simu. Hayo yafundishwe wiki ya kwanza, yarudiwe kila muhula, na zoezi litangazwe mapema. Bunduki haihitajiki.

Wako watakaosema polisi waje wafundishe. Si vibaya, lakini Kwale tunajua hali yetu: wapo vijana waliorubuniwa wakaenda Somalia, na wapo wazazi wanaoogopa gari la polisi kuliko mwizi. Mwanafunzi asiyemwamini askari hatampa habari hata akiona jambo la kutisha. Afadhali waanze Msalaba Mwekundu, wazima moto na wauguzi wetu, askari afuate baadaye akiwa mgeni anayejulikana.

Dini yetu inatufundisha kumfunga ngamia kwanza, kisha kumtegemea Mwenyezi Mungu. Basi mzazi, unapompeleka mwanao chuoni muhula ujao, usiulize karo na chakula pekee. Omba uoneshwe mlango wa dharura wa bweni lake, na uulize ufunguo anakaa nao nani.